Mstari wa shehena ukiwa bado mkavu, chombo ni salama? Naomba kueleweshwa drafti na alama za ubavuni

Mwana_Nansio

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnaovijua vyombo vya majini mnieleweshe jambo.

Meli za mizigo pale Mwanza Kusini zina namba ubavuni, omo (mbele) na tezi (nyuma), zinapanda kutoka majini kwenda juu. Katikati ya meli kuna duara lililokatwa na mstari wa mlalo. Kwenye picha za meli za baharini naona pembeni ya duara kuna ngazi ya vimistari yenye herufi: TF, F, T, S, W.

Kwanza, namba na duara vinatofautianaje, na nani anayepanga duara likae wapi? Pili, hizo herufi zina kazi gani kwetu wa ziwani? Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi: mtu akifika gatini akaona mstari bado uko juu ya maji, anaweza kusema chombo hakijazidisha? Ikitokea ajali watu hubishana, huyu anasema kilizidisha, yule anasema mstari ulikuwa unaonekana.

La mwisho, boti zetu za mbao zinazopeleka saruji na soda visiwani na kurudi na dagaa hazina alama yoyote. Kuna namna ya kuziwekea?

Mkuku_Imara

Mkuu, tenganisha vitu viwili kwanza. Namba za omo na tezi ni za kusoma drafti, yaani chombo kimezama kiasi gani kuanzia chini ya mkuku (uti wa chini kabisa wa chombo) hadi usawa wa maji. Zenyewe hazimkatazi mtu kitu, zinapima tu. Duara na mstari wake ndiyo amri: maji yasipande kupita hapa.

Namba za mita zina kimo cha sentimita 10 na huandikwa kila baada ya sentimita 20. Kinachosomwa ni kitako cha tarakimu. Maji yakigusa kitako cha 2.4, drafti ni mita 2.40. Yakifika nusu ya tarakimu ni 2.45, yakifika kichwani ni 2.50. Meli kuukuu zina namba za Kirumi kwa futi. Kila namba ina kimo cha inchi 6, basi kitako ni futi kamili na kichwa ni futi na nusu. Wageni wengi wa kazi hii husoma katikati ya tarakimu wakidhani ndipo kipimo kilipo, na wanakosea sentimita 5 kabla hawajaanza.

Duara lina kipenyo cha nje cha milimita 300. Mstari unaolikata una urefu wa milimita 450 na unene wa milimita 25, na ukingo wake wa JUU ndio unaopita kwenye kitovu cha duara. Huo ukingo wa juu ndio mpaka. Ukipandisha macho wima kutoka hapo utakuta kistari kingine cha milimita 300, kwenye usawa wa sitaha. Huo ni mstari wa sitaha. Umbali wima kati ya kingo za juu za mistari hiyo miwili ndiyo fribodi iliyoidhinishwa, yaani sehemu ya ubavu ambayo lazima ibaki kavu chombo kikiwa kimejaa.

Hapo una njia rahisi ya kumkamata mjanja. Alama zinatakiwa zichomelewe au zigongwe kwenye chuma, siyo kupakwa rangi peke yake, ili anayepaka upya asizihamishe. Cheti kinaandika fribodi kwa milimita. Chukua tepu, pima kutoka mstari wa sitaha hadi mstari wa duara, linganisha na cheti. Cheti kikisema 620 na tepu ikasema 540, kuna mtu amejiongezea sentimita 8 za shehena.

Anayepanga: fribodi hukokotolewa kutokana na urefu wa chombo, umbo la bodi (mwili wa chombo), kimo chake na majengo ya juu ya sitaha, kisha mamlaka ya nchi au taasisi ya ukaguzi iliyokabidhiwa kazi hiyo huidhinisha. Mkataba wa kimataifa ni wa 1966, ukaanza kutumika 1968, na ulifanyiwa marekebisho kwa itifaki ya 1988. Majedwali yake yanaanzia meli ya mita 24 ambayo hupewa milimita 200, halafu yanapanda kadiri meli inavyorefuka, kisha zinafuata nyongeza na punguzo. Lakini mkataba huo ni wa safari za bahari kati ya nchi na nchi. Kwetu ziwani zinafanya kazi sheria ya meli ya Tanzania ya 2003 na Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2007, na mkaguzi ni TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Njia ya kuhesabu haibadiliki sana, fizikia ni ileile.

Kuhusu herufi. S ni kiangazi, na mstari wake uko sawa na ule wa duara. T ni tropiki: unaruhusiwa kuzama zaidi kwa moja ya arobaini na nane ya drafti ya kiangazi, kwa kuwa bahari za huku hazina dhoruba za majira ya baridi. W ni majira ya baridi, unapunguziwa kiasi hichohicho. WNA ni Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi, milimita 50 nyingine zinapunguzwa, kwa meli zisizozidi mita 100. F na TF ni za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na vimistari vyake huelekea tezi wakati vingine vinaelekea omo.

Hiyo F ndiyo inayotuhusu. Maji ya bahari yana uzito wa tani 1.025 kwa mita ya ujazo, ya ziwa ni kama tani 1.000. Meli ileile yenye uzito uleule huzama zaidi ziwani. Kiasi gani: gawa uzito wa meli kwa mara nne ya tani zinazoizamisha sentimita moja baharini, jibu linatoka kwa milimita. Meli ya tani 500 inayohitaji tani 3.5 kwa sentimita: 500 ÷ (4 × 3.5) = milimita 36 hivi. Chombo kilichosanifiwa kwa ajili ya Ziwa Victoria hakina haja ya ngazi yote hiyo, maana maji ya hapa hayabadiliki. Tatizo ni chombo kilicholetwa na majedwali ya bahari. Jedwali likisema tani 500 kwenye drafti fulani, huku ni tani 488 tu. Ukipakia ukifuata jedwali bila kurekebisha, zile 12 zinakula fribodi yako.

Kama kuna anayependa historia: alama hii inaitwa pia alama ya Plimsoll, kwa jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza. Sheria ya 1876 ililazimisha kila meli kuwa nayo, lakini ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe pa kuichora! Mpaka 1890 ndipo mahali pake palipopangwa kwa sheria.

Bolti_na_Nati

Naongeza kidogo kwa Mkuku_Imara. Fribodi hutolewa kwa sharti. Hesabu nzima inadhani kwamba kilicho chini ya sitaha hakiingizi maji. Kwa hiyo mkataba unapanga vimo: kizingiti cha mlango wa jengo la sitahani milimita 380, bomba la hewa la tangi milimita 760 juu ya sitaha kuu, reli za pembeni mita 1. Kingo za tumbo la mizigo nazo zina kimo chake, na mfuniko lazima uwe na raba nzima na vibano vyake vyote.

Vinavyoharibika ni vilevile kila chombo: raba ya mfuniko imekauka, kofia ya bomba la hewa imepotea na mdomo umezibwa kwa tambara, kizingiti kimekatwa ili toroli lipite. Kibaya kuliko vyote ni matundu ya kutolea maji kwenye kingo za sitaha kuchomelewa vibati ili kreti zisidondoke. Wimbi moja likipanda, maji hayana pa kutokea. Sitaha ya mita 15 kwa 6 ikishika maji ya sentimita 20 hapo una tani 18, tena juu na zinatembea.

Chombo kilicho hivyo kinaweza kuwa na mstari mkavu kabisa na kisistahili kutoka gatini.

Kisiki_cha_Bandari

Mnamchanganya mwenzetu kwa mahesabu. Mstari ukionekana, safiri. Mstari ukizama, shuka. Ndiyo maana uliwekwa.

Kitovu_cha_Uzito

Ndugu Kisiki, ukizama shuka, hapo tuko pamoja. Ukionekana safiri, hapana. Kwa meli ya saruji kauli yako inakaribia ukweli. Kwa kivuko cha abiria inaua.

Chukua kivuko cha mita 35 kwa 8, eneo lake kwenye usawa wa maji tuseme mita za mraba 224. Ziwani, kukizamisha sentimita moja kunataka tani 2.24. Kanuni za kimataifa za uthabiti, yaani uwezo wa chombo kujirudisha kisipinduke, humhesabu abiria kwa kilo 75, mzigo wake mbali. Basi sentimita moja ni abiria 30. Ongeza abiria 100 juu ya kibali: tani 7.5, kivuko kinashuka sentimita 3.3. Kwa viwimbi vya gatini hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo.

MV Nyerere ilipopinduka 20 Septemba 2018 karibu na Ukara ilikuwa na kibali cha abiria 101. Hesabu rasmi ni watu 228 waliofariki na 41 waliookolewa. Hiyo ni ziada ya watu 168, kama tani 12.6. Kwa kivuko chochote chenye eneo la maji la mita za mraba 200, uzito huo ni sentimita 6 na kidogo. Ndiyo maana ubishi wa "mstari ulionekana, haukuonekana" hauna maana kwenye ajali za namna hii. Drafti inakuambia uzito ni kiasi gani, haikuambii uzito uko wapi.

Na uzito wa watu una tabia mbili ambazo saruji haina: unakaa juu, na unatembea.

Kukaa juu kwanza. Kile kivuko chetu, pamoja na vyote vilivyomo, kina tani 240. Wale 100 wa ziada wamepanda sitaha ya juu, mita 3 juu ya kitovu cha uzito cha kivuko. Kitovu kinapanda 7.5 × 3 ÷ 240 = mita 0.09. Kipimo cha kuangalia ni GM, yaani umbali kutoka kitovu cha uzito hadi metasenta, ile nukta ya juu ambayo chombo kinaning'inia chini yake na kujirudisha kikiinama. Kama GM ilikuwa 0.60, sasa imebaki 0.51. Kanuni zinataka isishuke chini ya 0.15, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa na kinaendana na masharti mengine juu ya nguvu ya chombo kujirudisha hadi nyuzi 40. Usikichukulie kama shabaha.

Kutembea sasa. Turudishe GM kwenye 0.60, tuwe wakarimu. Watu 100 wanahamia ubavu mmoja, wastani wa mita 2.5 kila mtu, kwa kuwa gati limeonekana na kila mtu anataka kushuka wa kwanza. Gawa 7.5 × 2.5 kwa 240 × 0.60, unapata 0.13. Hiyo ni nyuzi 7.4. Kikiinama hivyo, ukingo wa sitaha ulio mita 4 kutoka katikati unashuka 4 × 0.13 = sentimita 52. Kama fribodi ni sentimita 50, ukingo umeshazama. Sitaha ikizama, upana wa chombo kwenye maji unapungua, na upana ndio uliokuwa unakisimamisha. Kutoka hapo mambo huenda haraka sana, na wanaoteleza nao huongeza uzito upande uleule.

Kanuni zinasema msongamano wa abiria upande mmoja usikiinamishe chombo zaidi ya nyuzi 10, na hesabu hufanywa kwa watu hadi wanne kwa mita ya mraba, kitovu cha aliyesimama kikiwa mita 1 juu ya sitaha. Idadi iliyoandikwa kwenye cheti inatoka kwenye hesabu kama hiyo. Haitokani na viti. Kuona nafasi tupu sakafuni si sababu ya kuongeza watu.

Halafu maji yaliyo huru ndani ya chombo. Tangi la upana wa mita 6 na urefu wa mita 6, lililojaa nusu, linapunguza GM ya kivuko hiki kwa 6 × 6³ ÷ 12 ÷ 240 = mita 0.45. Tulikuwa na 0.60. Imebaki 0.15, na hakuna hata abiria mmoja aliyesogea! Weka ukuta wa kugawa katikati, hasara inashuka hadi 0.11. Tangi lijazwe pomoni au limwagwe liwe tupu, nusu nusu ndiyo mbaya. Maji ya ngama (yanayokusanyika chini kabisa ya chombo) na maji ya sitaha ya magari yanafanya hivyohivyo, na kina chake hakijalishi sana. Upana wa eneo yanapotembea ndio wenye hatari.

MV Bukoba, ile iliyozama 21 Mei 1996, ilikuwa na kibali cha watu 430 na ilikuwa imejaa kupita kiasi. Tangu hapo watu wengi huku wanajua neno "kuzidisha". Neno "uthabiti" hawalijui, na hilo ndilo lililobeba jibu la swali la tatu la Mwana_Nansio.

Kisiki_cha_Bandari

Sawa mkuu, nimekuelewa. Lakini abiria atajuaje GM? Hana jedwali wala mizani.

Kitovu_cha_Uzito

Hesabu mbembeo. Chombo kikiwa huru, hakijabanwa na kamba, tazama kinavyolala kulia, kikarudi, kikalala kushoto na kurudi tena pale ulipoanzia. Huo ni mbembeo mmoja. Pima muda wa mibembeo kumi, gawa kwa kumi. Kisha zidisha upana wa chombo kwa 0.8, gawa kwa sekunde hizo, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe. Kwa upana wa mita 8: sekunde 8 ni GM ya 0.64. Sekunde 12 ni 0.28. Sekunde 16 ni 0.16. Ni makadirio, ile 0.8 inabadilika kidogo kwa umbo na mzigo, lakini mwelekeo hausemi uongo.

Abiria wengi hufurahia chombo kinacholala polepole, wanasema kimetulia. Kinacholala taratibu, kikasita kama kinafikiri kurudi au kutorudi, ndicho cha kukikimbia. Kinachorushwarushwa na kukuchafua tumbo kina GM kubwa.

Msoma_Drafti

Kwa upande wa mizigo, kuna mambo ya kusoma ambayo hayajaguswa.

Drafti husomwa sehemu sita: omo, katikati na tezi, kulia na kushoto. Kusoma upande wa gati peke yake ni uvivu wenye gharama, maana chombo kilicholala upande kidogo kinakupa namba ya uongo. Kukiwa na mawimbi, soma kilele na bonde mara kadhaa, chukua wastani. Wengine hushusha bomba jembamba la plastiki linaloona, limefunguliwa chini. Maji ndani yake hutulia na unasoma vizuri. Shuka kwa boti ndogo macho yawe karibu na maji. Ukisoma kutoka juu ya gati, pembe inakudanganya. Na magugumaji yakiwa yamesongamana ubavuni, yasukume kwanza.

Bodi ya meli hupinda. Mzigo ukiwa omo na tezi kuliko katikati, mgongo unanyanyuka. Ukijaa katikati, tumbo linashuka. Kwa hiyo wastani wa omo na tezi hautoshi. Jumlisha omo, tezi na mara sita ya katikati, gawa kwa nane. Mfano: kabla ya kupakia omo 1.30, tezi 2.00, katikati 1.65. Wastani ni 1.65. Baada ya kupakia omo 2.10, tezi 2.46, katikati 2.24. Hesabu: (2.10 + 2.46 + 13.44) ÷ 8 = 2.25. Imeshuka sentimita 60. Kama kila sentimita ni tani 3.4, umepakia tani 204. Aliyetumia omo na tezi tu angepata 2.28 na kudai tani 214. Tani kumi za saruji ni mifuko 200, kesi hiyo. Toa pia mafuta, maji ya kunywa na farumi (uzito wa kusawazisha meli) vilivyoingia wakati wa kupakia, na vilivyotoka viongeze, la sivyo hesabu ya shehena itakuwa ya uongo. Tofauti ya omo na tezi ikiwa kubwa kuna rekebisho jingine kwenye majedwali ya meli yenyewe.

Hapohapo ona kitu kimoja: kwenye mfano huu katikati kuna 2.24. Mstari wa duara uko katikati ya meli. Meli iliyopinda mgongo juu inaonyesha mstari mkavu huku wastani wake umeshapita. Mlango mwingine wa kudanganya huo, au wa kudanganyika.

Kuhusu kina cha maji chini ya mkuku. Ziwa letu halikai kimo kimoja. Mwaka 2006 lilishuka sana, 2020 na 2024 likafurika hadi magati na mialo ikamezwa. Gati lililokuwa na nafasi mwaka jana si lazima liwe nayo leo. Na meli inayokwenda hujididimiza: chukua uwiano wa umbo la bodi, yaani sehemu ya boksi la urefu, upana na drafti yake ambayo bodi inaijaza, tuseme 0.6, zidisha kwa mraba wa mwendo kwa noti, gawa kwa 100. Noti 8 ni sentimita 38, noti 5 ni sentimita 15. Kwenye njia nyembamba ni mara mbili. Ukiingia ghuba yenye miamba, na Mwanza miamba haiko juu ya maji pekee, drafti ya kutumia ni ya sehemu iliyozama zaidi, mara nyingi tezi. Wastani hauna kazi hapo.

Mwana_Nansio

Ahsanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Lile la boti za mbao limebaki. Tuseme boti ya mita 14, upana 2.6.

Fundi_wa_Mwalo

Inawezekana, ila hii haichukui nafasi ya ukaguzi wa TASAC. Inakusaidia siku zote ambazo mkaguzi hayupo.

Chagua asubuhi ya maji matulivu. Boti iwe tupu, na injini, mafuta, nanga na kamba vikiwa mahali pake. Pima kutoka majini hadi ukingo wa juu, pale katikati ambapo ukingo uko chini zaidi, pande zote mbili. Zikitofautiana boti inalala upande, sawazisha kwanza. Kisha pakia uzito unaoujua, mifuko ya saruji ya kilo 50 ni mizuri, au mapipa ya lita 200 yaliyojaa maji, kilo 200 kila moja bila uzito wa pipa. Kila baada ya nusu tani, pima na uandike.

Kwa vipimo vyako eneo la maji ni kama 14 × 2.6 × 0.72, mita za mraba 26. Sentimita moja ni kilo 260, karibu mifuko mitano. Drafti ikiwa 0.70, boti na mzigo wake ni kama tani 12. Kama kimo cha boti katikati ni mita 1.15, ubavu mkavu ni sentimita 45.

Sasa uone kwa nini huwezi kula zile 45. Boti ikilala nyuzi 10 tu, ukingo wake unashuka sentimita 23. Ongeza mifuko 100 juu ya mzigo huo: inashuka sentimita 19, zinabaki 26. Mlalo wa nyuzi 10 unakuachia sentimita 3, na mawimbi ya ziwa hili usiku wa radi hupita mita moja. Kwa bodi ya namna hii chini ya sentimita 40 mimi nisingetoka nje ya ghuba. Dhoruba nyingi za radi ziwani huja usiku hadi alfajiri, saa zilezile boti za dagaa ziko kazini.

Kisha jaribu uthabiti boti ikiwa na mzigo wa kawaida. Ning'iniza timazi ya mita 1, jiwe lake lizame kwenye ndoo ya maji ili lisicheze. Watu wote wakae kimya katikati. Hamisha mifuko minne ya saruji, kilo 200, kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, umbali wa mita 1.5. Soma uzi umehama milimita ngapi. Ukihama 50, basi GM = 0.2 × 1.5 ÷ (12 × 0.05) = mita 0.50, nzuri. Ukihama 150, GM ni 0.17, mzigo uko juu mno: shusha, au punguza. Rudia upande wa pili, majibu yakaribiane.

Mzigo nao una tabia. Saruji na soda ni nzito na hukaa chini, zinakuzamisha. Magunia ya dagaa wakavu na ya mkaa ni mepesi, kwa hiyo watu huyapanga hadi juu ya vichwa, na mstari wako utabaki mkavu kabisa huku GM imekwisha na upepo umepata ukuta wa kusukuma. Mvua ikinyesha magunia hunywa maji, uzito unaongezeka juu kabisa, pale usipoutaka. Kwa mizigo hiyo weka alama ya pili, ya kimo: magunia yasipite mstari huu kwenda juu. Mchanga mbichi usiuhesabu kwa uzito wa mkavu, na ukilundikwa bila mbao za kugawa hutelezea upande mmoja.

Mwana_Nansio

Rangi si itafutika, mkuu? Na nichore lini?

Fundi_wa_Mwalo

Usitegemee rangi. Pigilia kipande cha bati la shaba au mabati, urefu wa sentimita 30, pande zote mbili, katikati ya boti, ukingo wake wa juu ndio mpaka. Kisha paka nyeupe kama ubavu ni wa giza, nyeusi kama ni mweupe.

Usipime boti iliyotoka kuvutwa nchi kavu. Mbao kavu hunywa maji, na boti huongezeka uzito; iache majini wiki mbili tatu ndipo upime. Ukibadilisha injini kuwa nzito zaidi, ukiongeza mbao za ukingo au ukijenga kibanda cha nahodha, pima upya. Kuongeza ubao mmoja kwenye ukingo hakukupi ruhusa ya kupandisha alama: umeongeza ubavu mkavu, ndiyo, lakini mzigo utakaojazia hapo utakaa juu kuliko mwanzo, kwa hiyo timazi irudiwe kabla bati halijasogezwa.